Historia ya Kitenzi Sentire na Matatizo ya Kukifasiri

Mwalimu wa sarufi huko Nyasura, Bunda, anapoandika ubaoni neno "sentensi", hutumia neno la ukoo wa kitenzi cha Kilatini sentire, lililopitia Kifaransa na Kiingereza kabla ya kutufikia. Kwa kuwa maneno ya ukoo huo huwatatiza wafasiri wetu mara kwa mara, yafaa tuieleze historia yake.

Wanaisimu wengi hulihusisha shina la sentire na shina la kale la lugha za Kihindi-Kiulaya lenye maana ya kwenda au kushika njia. Katika Kiayalandi cha kale neno la jamaa hiyo, sét, lilimaanisha njia. Kwa Warumi, sentire kulikuwa kutambua jambo kwa mwili, kama vile joto au maumivu. Tena kulitambua kwa akili. Tena kuwa na rai. Ndipo likapatikana jina sententia, yaani rai ambayo wajumbe wa Seneti waliulizwa kwa kufuata vyeo vyao, na pia hukumu ya hakimu. Maana ya kisarufi ni tawi la rai hiyo: fungu la maneno lenye wazo kamili.

Lugha zilizotokana na Kilatini ziligawana urithi huo. Kwa Mtaliano, sentire ni kuhisi na pia kusikia. Kwa Mfaransa, sentir ni kuhisi na pia kunusa. Jambo hili si geni kwetu. Mswahili husikia sauti, husikia harufu na husikia njaa. Huona kwa macho, huona baridi, na husema "naona si haki" anapotoa rai. Kutokana na ona tumepata maoni, kama Warumi walivyopata sententia kutokana na sentire.

Hata hivyo, tahadhari mbili zahitajiwa. Kwanza, sensa, kama zile zilizofanywa nchini mwaka 1967 na 2022, haimo katika ukoo huu. Asili yake ni censere, kukadiria. Pili, hisi, tuliyoipata kutoka Kiarabu, haitoshi kila mahali. Kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa ni milango ya fahamu, wala si hisia. Na taarifa ya ofisi inapoandika "hisia za wananchi", hali wananchi wametoa hoja, rai yao hushushwa ikaonekana kuwa hasira au huzuni tu. Hapo neno linalostahili ni maoni.

Basi mfasiri na ajiulize kwanza: je, ni mwili uliotambua, ni moyo ulioguswa, au ni akili iliyoamua?