Kashfa Iliyogeuka Jina: Historia ya Wagothi wa Usiku

Utangulizi

Si ajabu katika taaluma ya lugha kukuta neno lililosafiri mbali na asili yake hata likapoteza udugu nayo. Ni nadra, hata hivyo, kwa neno moja kutumiwa kwanza kuyatukana majengo, kisha kuzipamba hadithi, na hatimaye likawa jina ambalo vijana hujiita wenyewe kwa fahari. Neno “Gothi” limepita njia hiyo yote. Makala haya yanalifuata hadi kwa vijana wa Uingereza walioanza kuitwa wagothi mnamo miaka ya 1980, wenye mavazi meusi, nyuso zilizopakwa poda nyeupe na macho yaliyokolezwa wanja, wanaume kwa wanawake. Hoja yake ni kwamba waliolistawisha jina hilo si wanamuziki wala waandishi wa magazeti, bali ni wachezaji waliokutana katika vilabu vya usiku. Na kwamba jina lenye asili ya dhihaka humdai gharama anayelivaa.

Kabila, jengo na hadithi

Wagothi wa kale walikuwa watu ambao lugha yao ilikuwa ya jamaa moja na Kijerumani na Kiingereza. Mwaka 410 kundi lao moja, likiongozwa na Alaric, liliuteka mji wa Roma, na kwa tendo hilo likabaki katika kumbukumbu za Ulaya kama mfano wa ushenzi. Yafaa ikumbukwe, lakini, kwamba katika karne ya 4 askofu Wulfila alikuwa amekwisha kuwatafsiria watu wake Biblia kwa lugha yao. Nakala mashuhuri ya tafsiri hiyo, Codex Argenteus, huhifadhiwa Uppsala, Uswidi. Hivyo watu walioitwa washenzi walikuwa na maandiko katika lugha yao wenyewe mapema kuliko mataifa mengi yaliyokuja kuwadharau.

Mwaka 1550 Giorgio Vasari, Mtaliani aliyeandika maisha ya wasanii, aliyalaumu makanisa yenye matao yaliyochongoka na kudai kuwa ujenzi huo ulibuniwa na Wagothi. Dai hilo halikuwa na msingi. Ufalme wa Wagothi wa Hispania ulianguka mwaka 711, ilhali ujenzi huo ulianza karibu na Paris katika karne ya 12. Walakini kosa lilidumu, na hata leo majengo hayo huitwa ya Kigothi.

Kutoka kwenye jengo, neno liliingia katika fasihi. Horace Walpole alichapisha riwaya yake The Castle of Otranto mwaka 1764, na katika toleo la pili la mwaka 1765 akaiita hadithi ya Kigothi. Ngome mbovu, mizimu na siri za ukoo vikawa mapambo ya utanzu mpya, uliozaa baadaye Frankenstein ya Mary Shelley mwaka 1818 na Dracula ya Bram Stoker mwaka 1897. Hapo ndipo neno lilipoacha kumaanisha ushenzi, likachukua maana ya giza lenye mvuto.

Muziki na wenye kuukana

Muziki uliokuja kupewa jina hilo ulitokana na ule wa panki, uliovuma Uingereza kuanzia mwaka 1976. Ghadhabu ya panki ilipoanza kupoa, baadhi ya bendi ziligeukia huzuni na vitisho. Siouxsie and the Banshees walitoa santuri yao ya kwanza ndefu mwaka 1978. Mwaka 1979 bendi ya Bauhaus, kutoka Northampton, ilitoa wimbo wa zaidi ya dakika tisa uliotaja kifo cha Bela Lugosi, mwigizaji wa Dracula katika filamu ya mwaka 1931. Huko Leeds, The Sisters of Mercy walianza mwaka 1980, na baadaye wakatumia mashine mahali pa mpiga ngoma. Gitaa la besi lilitangulia mbele, na sauti za waimbaji zikawa nzito kama za wasoma tanzia.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wengi kati ya wanamuziki hao walilikataa jina. Andrew Eldritch wa The Sisters of Mercy hakukubali kamwe kuitwa mgothi. Magazeti nayo hayakuwa na msimamo mmoja: mwaka 1983 gazeti la muziki la New Musical Express lilijaribu kuliita wimbi hilo “panki chanya”, na jina hilo halikushika. Kama waimbaji walilikana jina, na waandishi walikuwa na jingine, ni nani basi aliyelihifadhi?

Nyumba za usiku

Jibu linapatikana katika vilabu. Mwezi wa Julai mwaka 1982, katika mtaa wa Soho, London, Ollie Wisdom, mwimbaji wa bendi ya Specimen, alianzisha usiku maalumu ulioitwa Batcave, yaani Pango la Popo, katika kilabu cha Gargoyle. Ukumbi ulipambwa nyavu na utando wa buibui wa bandia, na filamu za kutisha zikaonyeshwa. Batcave ilifungwa mwaka 1985, lakini mtindo wake ulikwisha kusambaa. Leeds ilikuwa na Le Phonographique, ukumbi uliokuwa chini ya jengo la maduka la Merrion Centre. Na mwaka 1987 ukaanza London usiku wa Slimelight, uliodumu kwa miongo.

Hapana budi kuitazama hali ya nchi wakati huo. Mwezi wa Januari mwaka 1982 idadi ya Waingereza wasio na kazi ilipita milioni tatu. Mjini Leeds, hadi mwuaji mmoja wa wanawake alipokamatwa mwaka 1981, usiku ulikuwa wakati wa hofu kwa kila mwanamke. Katika mazingira hayo, chumba chenye giza ambamo mvulana aliweza kupaka wanja bila kupigwa, na msichana kucheza peke yake bila kusumbuliwa, hakikuwa mahali pa anasa tu. Kilikuwa ni hifadhi. Aliyeingia humo kila juma alijulikana kwa sura, kwa vazi, na hatimaye kwa jina. Wimbo husikilizwa hata na mtu aliye peke yake. Jina huhitaji wa kuliitikia.

Matawi yake

Jina lilipokwisha kuota mizizi, lilianza kupokea vivumishi, kama ifanyavyo nomino iliyo hai. Los Angeles ilikuwa na mkondo wake, ulioongozwa na bendi ya Christian Death, ambayo santuri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1982. Wapo wagothi wa mahameli na lesi, waigao mavazi ya enzi ya Malkia Victoria. Na wapo wa mitambo, wa miaka ya 1990 na baadaye, waliochanganya weusi na rangi kali za umeme. Huko Japani vazi jeusi liliungana na gauni la mwanasesere, na jarida la Gothic & Lolita Bible likaanza mwaka 2001.

Ujerumani Mashariki vijana wa namna hii waliitwa Grufti, kutokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kaburi la kujengwa, na polisi wa siri waliwaorodhesha kama kundi la kuchunguzwa. Baada ya nchi kuungana, tamasha la Wave-Gotik-Treffen lilianza Leipzig mwaka 1992, na likakua hata kuvuta watu wapatao 20,000 wakati wa Pentekoste.

Gharama ya jina

Wahenga walisema, jina jema hung'aa gizani. Jina hili lilichagua giza lenyewe, na wasiolielewa waliliona kuwa baya. Baada ya mauaji ya shule ya Columbine, Marekani, mwaka 1999, vyombo vya habari viliwahusisha wauaji na wagothi, na uchunguzi ukaonyesha baadaye kwamba hawakuwa wa kundi hilo. Mwezi wa Agosti mwaka 2007, katika bustani ya mji wa Bacup, Lancashire, msichana wa miaka 20 alipigwa na kundi la vijana kwa sababu ya mavazi yake, akafa siku chache baadaye. Mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester walianza kuyaandikisha mashambulizi ya aina hiyo kuwa jinai za chuki, sawa na yale ya rangi au dini.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba kamusi peke yake haitoshi kueleza neno hili. Vasari alikosea kuhusu majengo, magazeti yalikosea kuhusu Columbine, na katika kila kosa kulikuwa na mtu aliyepewa jina bila kuulizwa. Wagothi wa usiku hawana damu ya Alaric, wala hawasemi lugha ya Wulfila. Walichorithi ni tusi. Walilipokea kwa hiari yao na kulipa maana mpya miongoni mwao, katika kumbi ambazo nyingi zake zimekwisha kufungwa. Na miaka zaidi ya arobaini baada ya Batcave, wapo bado wanaoliitikia.