Ndege zilipata kazi nyingine, wafanyakazi wakabaki wakidai

Februari 2027 itatimia miaka 50 tangu Shirika la Ndege la Afrika Mashariki livunjike. Wanafunzi wetu hulikuta katika mstari mmoja wa kitabu cha historia, limebanwa kati ya reli na posta. Kwa rubani mstaafu mmoja wa Tanga, aliyeomba jina lake lisiandikwe, shirika hilo lilikuwa mshahara, nyumba na ada za watoto. Makala haya yameegemea kumbukumbu zake, na msomaji ajue mapema kwamba mzee huyu hana subira na Nairobi.

Shirika lilianza kuruka 1946, wakati wa mkoloni, kwa ndege ndogo za de Havilland. Mwaka 1960 zikaja Comet, na 1966 zikafuata Super VC10. Hapo mzee hujivuta mbele ya kiti. Yeye alirusha Fokker Friendship, safari za Mwanza na Tabora, lakini VC10 ndiyo aliyoitamani kila rubani. Uwanja wa Embakasi, Nairobi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mchana wa jua kali ndege nzito hupaa kwa taabu. VC10, yenye injini nne mkiani, ilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya namna hiyo. Ajali ya Addis Ababa ya Aprili 1972, iliyoua watu 43, huitaja mara moja tu na kubadili mazungumzo.

Ugomvi wa nchi zilizolimiliki shirika ulikuwa wa fedha. Kenya ilidai wenzake hawapeleki makusanyo Nairobi, kwenye makao makuu. Tanzania ikajibu kwamba manufaa yote yanabaki huko huko, na safari zake za ndani zinapuuzwa. Mzee anasema marubani walikuwa wakila meza moja huku mawaziri wao wakitupiana maneno magazetini, na hakuna aliyeamini kwamba mambo yangefika mwisho. Januari 22, 1977 Kenya ikaanzisha Kenya Airways. Februari 4 shirika hilo jipya likaanza safari kwa ndege za kukodi, na Tanzania ikafunga mpaka.

Siku hiyo yeye alikuwa Dar es Salaam. Mkewe, muuguzi, alikuwa Nairobi na watoto. Walipomfikia baadaye, wiki zikiwa zimepita, walikuja na masanduku ya nguo tu. Jokofu, cherehani na makochi waliwaachia majirani, na havikuonekana tena. Kifungua mimba wake, aliyezoea kusoma kwa Kiingereza, alirudishwa darasa moja nyuma kwa sababu hesabu sasa zilifundishwa kwa Kiswahili. Mama ndiye aliyebeba yote hayo. Baba alikuwa akihangaikia nafasi katika Shirika la Ndege la Tanzania, lililoanzishwa Machi mwaka huo huo, na anakiri kwamba mwaka ule nyumbani alikuwa mgeni. Alipata kazi, akarusha ndege hadi alipostaafu.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na shirika lile, uliosimamiwa na Mswisi Victor Umbricht, ulitiwa saini Arusha Mei 1984. Super VC10 nne zilizosalia hazikusubiri karatasi hizo. Zilirudi Uingereza, Jeshi la Anga la huko likazigeuza matangi ya kujaza mafuta ndege nyingine angani, na zikaendelea na kazi kwa miongo mingi. Mojawapo, iliyosajiliwa kwetu kama 5H-MOG na iliyokuwa VC10 ya mwisho kutengenezwa, iliruka hadi Septemba 2013, kisha ikahifadhiwa na wapenzi wa ndege kule Surrey.

Watu hawakuhifadhiwa vivyo hivyo. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya walifungua kesi Mahakama Kuu, Dar es Salaam, 2003. 2005 wakafikia makubaliano na Serikali ya Tanzania, na hata baada ya hapo wazee wenye bakora walionekana wakikaa barabarani kudai kwamba hawakulipwa stahiki yao yote. Tuliwapita kwenye daladala tukilalamikia foleni. Mzee wa Tanga hakwenda kukaa barabarani; anasema magoti yalikataa. Fomu zake zilipelekwa na mkewe.