JANDEK: albamu zaidi ya 100, mwenyewe hataki kujulikana

Juzi nilikuwa kafe nasikiliza wimbo mmoja, jamaa wa kompyuta ya jirani akavuta hedifoni yangu moja asikie. Akaniuliza kama imeharibika. Nikamwambia hapana bana, ndivyo anavyopiga huyu mtu. Hakuamini. Basi ngoja nimweleze kwa wote.

Jandek ni jina la kazi la mwanamuziki wa Houston, Texas, kule Marekani. Albamu ya kwanza, Ready for the House, ilitoka 1978 ikiwa imeandikwa The Units. Kumbe kulikuwa na bendi nyingine yenye jina hilo, ikabidi abadilishe. Ya pili, Six and Six ya 1981, ikatoka kwa jina la Jandek. Mwenyewe aliwahi kueleza kwamba aliunganisha jina la mwezi Januari na la mtu aliyekuwa anaongea naye kwenye simu. Ndo hivyo tu.

Lebo inaitwa Corwood Industries na kazi yake ni kutoa Jandek. Hakuna promosheni wala ziara za redioni. Ukitaka santuri ulikuwa unaandika barua kwenye sanduku la posta la Houston, unatumiwa, na ukinunua nyingi bei inashuka sana. Nyingine alizituma bure kwa redio za vyuo. Kwenye majalada unakuta nyumba, pazia, gitaa, au mwanaume yuleyule mwembamba: albamu hii ni mtu mzima, inayofuata ni kijana, bila mpangilio wa miaka. Kwa hiyo sura iko wazi kabisa, ila hujui ni ya nani.

Muziki wenyewe sasa. Gitaa halijatuniwa kwa namna tuliyozoea, nyuzi zinalia kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Juu yake sauti ya mnyonge, karibu kunong'ona, halafu ghafla anapiga kelele. Wanaokuja kutafuta kiitikio huwa wanaondoka mapema. Kwenye Chair Beside a Window ya 1982 anasikika mwanamke akiimba, baadaye ngoma na gitaa la umeme vikaingia. Halafu 2000 na 2001 akatoa albamu tatu za sauti tupu, hakuna ala hata moja! Mimi ya kwanza kuisikia niliizima baada ya dakika mbili. Nikairudia usiku, umeme umekatika, natumia chaji ya mwisho ya simu, na hapo ndipo iliponiingia.

Mwaka 1985 John Trubee alimhoji kwa simu. Humo jamaa alisema aliwahi kuandika riwaya saba, wachapishaji wakazikataa, akazichoma moto zote. Nikiwa kijana niliyemaliza sekondari na madaftari yangu yako chini ya kitanda, hapo nilisimama kidogo. Huyu mtu alishagongewa milango yote, ndo akaamua kuwa mchapishaji wake mwenyewe.

Mwaka 1999 Katy Vine wa jarida la Texas Monthly alimfuatilia mpaka akampata. Wakanywa bia, wakazungumza mambo ya bustani na aleji. Alipomuuliza kama anataka watu waelewe anachofanya, jibu likawa kwamba hakuna cha kuelewa. Akamwambia pia hataki tena kukutana na mtu kwa ajili ya Jandek. Yule dada aliandika habari yake, lakini jina hakulitaja. Hata filamu ya Jandek on Corwood ya 2003 ilitengenezwa bila yeye kuonekana akihojiwa. Kinachosikika ni ile kanda ya simu.

Halafu tarehe 17 Oktoba 2004, miaka 26 baada ya albamu ya kwanza, kwenye tamasha la Instal mjini Glasgow, Uskochi, akapanda jukwaani mwanaume mwembamba amevaa kofia na nguo nyeusi. Kwenye ratiba hayupo. Nyuma yake Richard Youngs kwenye besi na Alex Neilson kwenye ngoma. Waliomjua walimjua kwa yale majalada. Onyesho likatoka 2005 kama Glasgow Sunday, na toka hapo akapiga miji mingi ya Marekani na Ulaya. Ila bado aliitwa "mwakilishi wa Corwood".

Kuna wanaosema ni gia ya biashara tu, anajificha ili atafutwe. Mimi nauliza, biashara gani hiyo unayoisubiri miaka 26 huku unagawa mzigo bure?

Jina la kuzaliwa ukilitafuta unalipata, hata dakika tano haziishi. Hapa silitaji, na atakayeliweka kwenye maoni nalifuta. Najua mtanirushia madongo kwamba naficha habari. Sawa. Yeye katoa nyimbo zake zote, kabakiza jina tu.

Kwa anayeanza: Ready for the House, usiku, hedifoni masikioni. Ukishindwa rukia Glasgow Sunday, ile ngoma ya Neilson itakushika mkono.