Walianza 165, wakamaliza 30: Fahamu mashindano ya dunia ya baiskeli na jezi ya upinde wa mvua

Jumapili ya Septemba 28, 2025, wanaume 165 walipanda baiskeli jijini Kigali, mbele yao kilomita 267.5 za barabara. Jioni ilipofika, waliovuka mstari wa mwisho walikuwa 30 tu. Wengine wote, wakiwemo watu wanaolipwa fedha nyingi kwa kazi hiyohiyo ya kukanyaga pedeli, walishindwa na milima wakashuka njiani.

Hayo ndiyo Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani. Yalikuwa yamefanyika tangu mwaka 1921 na hayakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika mpaka Kigali ilipoyapokea. Kama uliona picha zake kwenye simu ukajiuliza kwa nini mtu mmoja anavaa jezi nyeupe yenye mistari ya rangi, au kwa nini Pogačar anaitwa bingwa wa dunia wakati Tour de France ni kitu kingine, soma hapa.

Siku moja, basi

Tour de France ni wiki tatu. Ukianguka leo, kesho unaweza kufidia. Mashindano ya dunia hayana kesho. Mbio ni ya siku moja, anayefika wa kwanza ndiye bingwa wa mwaka mzima, na ukipata pancha wakati mbaya unarudi nyumbani kusubiri miezi 12.

Mwandaaji ni UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli lililoanzishwa Paris mwaka 1900, ambalo sasa makao yake yako Aigle, Uswisi. Kwa kawaida mashindano hufanyika Septemba na huchukua wiki nzima kwa sababu mataji ni mengi. Kigali yalikuwa 13: wakubwa, vijana chini ya miaka 23 na wadogo zaidi, wanaume kwa wanawake, kila kundi kwa aina mbili za mbio, halafu mbio moja ya mchanganyiko ya timu za taifa.

Aina ya kwanza ni mbio za pamoja. Wote wanaondoka kwa mpigo, wanajificha nyuma ya migongo ya wenzao ili upepo usiwachoshe, wanaviziana kwa saa kadhaa, halafu mtu anachomoka. Ya pili ni mbio za kushindana na saa. Hapa kila mtu anaondoka peke yake kwa kupishana muda, hakuna mgongo wa kujificha, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Hii iliingia kwa wakubwa mwaka 1994 tu.

Unaacha mwajiri, unavaa bendera

Mwaka mzima hawa jamaa wanaendesha kwa ajili ya timu za kampuni zinazowalipa mshahara. Ikifika wiki ya mashindano ya dunia wanavua hizo jezi na kuvaa za taifa, kama mchezaji anavyoacha klabu yake akaitwa Taifa Stars au Harambee Stars.

Ila kwenye baiskeli kuna utamu wa ziada. Mtu anayekuvutia upepo Julai kule Ufaransa, Septemba ni mpinzani wako. Na kinyume chake, mliyekuwa mkigombana naye msimu mzima mnatakiwa msaidiane kwa sababu mmezaliwa nchi moja. Wengine wanaweza, wengine wanashindwa kabisa, na mataifa makubwa yamewahi kupoteza taji kwa sababu mabingwa wawili wa nchi moja hawakutaka kusaidiana.

Jambo jingine: vile vidude vya masikioni vya kuongea na kocha vimepigwa marufuku kwenye mbio za pamoja za mashindano haya. Hakuna wa kukwambia nani katangulia na kwa dakika ngapi. Unatumia macho, ubao wa pikipiki ya waamuzi, na akili yako.

Nafasi nazo hazigawanywi sawa. Mataifa yaliyo juu kwenye orodha ya ubora huleta hadi waendeshaji wanane kwenye mbio za wanaume wakubwa, huku nchi ndogo ikiambulia mmoja au wachache. Mtu mmoja dhidi ya wanane kwenye kilomita 267 ni hesabu ngumu. Hii tutairudia.

Jezi yenyewe

Ni nyeupe, kifuani ina mistari ya buluu, nyekundu, nyeusi, njano na kijani. Bingwa haiweki kabatini. Anaivaa mwaka mzima katika kila mbio za aina ile aliyoshinda. Aliyeshinda kwa saa haivai kwenye mbio za pamoja, na wa mbio za pamoja haivai kwenye saa. Mwaka ukiisha anaikabidhi, lakini anabaki na haki ya kuweka mistari hiyo kwenye kola na mikono ya jezi yake mpaka anastaafu. Ukimwona mzee wa kundi ana rangi hizo shingoni, jua aliwahi kuwa bingwa.

Kuvaa jezi hiyo ni fahari, lakini pia ni shabaha mgongoni, kwani kila ukisogea kundi zima linakuona. Wapo wanaosema ina laana. Wanaokumbuka sana hilo humtaja Mbelgiji Jean-Pierre Monseré, aliyeshinda mwaka 1970 na kufa mwaka uliofuata baada ya kugongana na gari akiwa mbioni, amevaa jezi hiyohiyo.

Toka Copenhagen

Mwaka 1921 kule Copenhagen walishindana waendeshaji wa ridhaa pekee. Wa kulipwa waliingia mwaka 1927 kwenye uwanja wa magari wa Nürburgring, Ujerumani, na Mtaliano Alfredo Binda akashinda. Wanawake walisubiri mpaka 1958, wakati Elsy Jacobs wa Luxembourg alipokuwa bingwa wao wa kwanza.

Kwa wanaume hakuna aliyewahi kuvuka mataji matatu ya mbio za pamoja. Waliofikisha ni watano: Binda, Rik Van Steenbergen, Eddy Merckx, Óscar Freire na Peter Sagan. Sagan peke yake ndiye aliyeyachukua mfululizo, 2015 hadi 2017. Kwa wanawake, Mfaransa Jeannie Longo amewaacha mbali, ana matano.

Kama una muda wa kutafuta video moja tu, tafuta ya Wollongong, Australia, 2022. Annemiek van Vleuten wa Uholanzi alianguka kwenye mbio za mchanganyiko akavunjika kiwiko. Siku tatu baadaye alipanga mstari akiwa na kiwiko hichohicho, kazi yake ikiwa kuwasaidia wenzake. Mwishoni kundi lilipozubaa akachomoka, hao wengine wakabaki wanatazamana. Alikuwa na miaka 39.

Kigali ilivyokuwa

Rwanda ilipewa uenyeji Septemba 2021, ikiishinda Tangier ya Morocco. Haikuwa zawadi ya bure. Nchi hiyo ilikuwa imejenga jina kwa Tour du Rwanda, mbio ambazo tangu 2009 zimo kwenye kalenda ya kimataifa na hujaza watu barabarani kijiji kwa kijiji.

Haikupita bila makelele. Februari 2025, wiki chache baada ya mji wa Goma kuingia mikononi mwa waasi wa M23, Bunge la Ulaya lilitaka mashindano yaondolewe Kigali kama Rwanda haitabadili mwenendo wake kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo. Rwanda inatuhumiwa kuwasaidia waasi hao, na serikali yake imekuwa ikikanusha. UCI ilishikilia msimamo, mashindano yakabaki. Kwa msomaji aliyeko Goma au Bukavu, sherehe za wiki ile zilikuwa na sura tofauti na ile iliyoonekana kwenye televisheni, na hilo lazima lisemwe.

Barabara zenyewe? Mji wa milima, juu ya usawa wa bahari mita 1,400 na zaidi, hewa nyepesi. Kila mzunguko wa kilomita 15 ulikuwa na vilima viwili, kimoja kikiwa cha mawe yaliyopangwa huko Kimihurura. Halafu wanaume wakubwa waliongezewa Mlima Kigali na ule ukuta mfupi wa mawe unaoitwa Kwa Mutwe, upande wa Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili si kigeni. Ukijumlisha mipando yote ya siku ile unapata karibu mita 5,500. Kilimanjaro, kutoka usawa wa bahari hadi kileleni, ni mita 5,895.

Tadej Pogačar wa Slovenia alishambulia kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100. Wawili walijaribu kumfuata. Mmoja baada ya mwingine wakaachia, na kilomita 66 za mwisho alikuwa peke yake. Remco Evenepoel wa Ubelgiji, aliyebadilisha baiskeli mara mbili njiani, alifika dakika 1 na sekunde 28 baadaye. Ben Healy wa Ireland akachukua shaba.

Lakini usidhani Pogačar hashindwi. Wiki moja kabla, kwenye mbio za saa, Evenepoel aliondoka dakika mbili na nusu nyuma yake na akamkuta barabarani, akampita. Pogačar alimaliza wa nne. Evenepoel alitwaa taji hilo kwa mara ya tatu mfululizo.

Mbio za wanawake ndizo zilizotoa mshangao. Majina makubwa yalikaa yakichungana, kila mmoja akingoja mwenzake afukuze. Walioondoka hawakurudishwa, na mbele akaibuka Magdeleine Vallieres wa Kanada ambaye wachache sana walikuwa wamemtaja. Ndilo taji la kwanza la Kanada katika mbio hizo.

Na sisi je?

Afrika haikupata medali Kigali. Mpaka leo hakuna taifa la Afrika lililotoa bingwa wa dunia wa wakubwa barabarani. Kilichopo ni fedha mbili za vijana chini ya miaka 23: Louis Meintjes wa Afrika Kusini mwaka 2013, na Biniam Girmay wa Eritrea mwaka 2021 kule Leuven, Mwafrika Mweusi wa kwanza kupanda jukwaa hilo.

Kipaji si tatizo. Girmay huyo mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuchukua jezi ya kijani. Kim Le Court wa Mauritius mwaka 2025 alishinda Liège–Bastogne–Liège, mbio kongwe ya Ubelgiji, na akavaa jezi ya njano ya Tour de France ya wanawake. Tatizo ni kwamba mbio zinazompa mtu uzoefu na pointi ziko Ulaya. Bila viza huendi, usipokwenda huna pointi, bila pointi nchi yako inapewa nafasi chache. Tumerudi kwenye hesabu ile ya mmoja dhidi ya wanane.

Kenya inakumbuka hili kwa kisa kimoja cha kuchekesha. Mwaka 2006 kijana mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome, alitaka kushiriki mashindano ya vijana Salzburg, Austria. Mwenyewe amesimulia kwamba aliingia kwenye barua pepe ya shirikisho la Kenya akajiandikisha mwenyewe. Akafika, akaanza mbio za saa, na mita chache tu baadaye akamgonga msimamizi wa barabara, wote wawili chini. Baadaye alihamia Uingereza kimichezo na akashinda Tour de France mara nne.

Yanakofuata

Mwaka 2026 ni Montreal, Kanada, Septemba 20 hadi 27. Mwaka 2027 ni Haute-Savoie, Ufaransa, na 2028 ni Abu Dhabi. Montreal iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa saba, kwa hiyo mbio zinazoanza asubuhi kule huku kwetu ni alasiri, na ule mzunguko wa mwisho utaukuta usiku. Chaji simu mapema.