Waya wa mjomba: safari ya sauti kutoka Hale mpaka Chanika

Nilikuwa kimya kwa sababu nilikwenda nyumbani Handeni kumsalimia mjomba pale Chanika. Nikamkuta anataka kuuza mbuzi ili anunue nyaya za muziki. Ndiyo, nyaya! Muuzaji mmoja alimwambia mvumo unaosikika kwenye spika zake hautaisha mpaka anunue waya wa bei mbaya.

Suala halikuwa muziki tu. Mjomba ana kaseti ya marehemu bibi akiimba nyimbo za harusi za Kizigua. Utepe umechakaa, na tulitaka kuihamishia kwenye kompyuta kabla haujakatika. Nani anataka kumrithisha mjukuu sauti ya bibi iliyochanganyika na ngurumo?

Nikajiuliza: huu waya umekuwa tatizo tangu lini?

Turudi nyuma kidogo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na mwaka 1965 ikaja Radio Tanzania. Wazee wetu waliisikiliza kwenye redio za betri, nyingi zikiwa National zilizounganishwa Dar es Salaam au Philips za Arusha. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Redio zile zilikuwa na spika tumboni mwake. Waya wa spika haukuzidi shubiri moja, kwa hiyo nani angeuwaza?

Umeme nao ulikuwa jirani. Maporomoko ya Pangani, upande wa Korogwe, yalianza kuzalisha umeme miaka ya 1930, na mashamba ya mkonge yalikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza. Kituo cha Hale, megawati 21, kilifuata mwaka 1964. Lakini nguzo hazikukimbilia vijijini. Ulikuwa unaweza kukaa karibu na mto unaozalisha umeme na bado ukanunua betri dukani.

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa. Deki, amplifaya na spika za kusimama peke yake zikaanza kuonekana. Hapo ndipo waya ulipotoka tumboni mwa redio ukatambaa sakafuni.

Huko Marekani nako, kwa miaka mingi watu waliunga spika kwa waya wa kawaida wa taa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Noel Lee akaanzisha Monster Cable, na waya ukawa bidhaa ya kifahari. Hadithi aliyouziwa mjomba ilianzia mbali!

Basi tukapanda gari mpaka Korogwe kwa fundi mmoja wa Manundu. Alitupigia hesabu kwenye kipande cha boksi. Spika za mjomba ni za omu 8 na ziko barazani, mita 12 kutoka kwenye amplifaya. Waya unakwenda na kurudi, hivyo ni mita 24 za shaba. Waya mwembamba wa nusu milimita ya mraba unaleta ukinzani wa karibu omu 0.8, yaani asilimia 10 ya spika. Huo ni mwingi. Mafundi hupenda usizidi asilimia 5. Waya wa moja na nusu unashuka mpaka kama omu 0.28. Unatosha, na unauzwa duka lolote la vifaa vya umeme. Ila ukwangue kwa kisu kwanza: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba.

Na mvumo? Ulikuwa hautoki kwenye spika kabisa. Mjomba aliunga deki na amplifaya kwa waya usio na kinga, ukalala sambamba na waya wa umeme. Fundi akachukua mita moja ya waya wa antena ya televisheni, ule wenye wavu unaozunguka waya wa kati. Dawa hiyo ni ya zamani: Oliver Heaviside aliiandikia hataza Uingereza mwaka 1880. Akachomea pini kwa risasi, wa kati kwenye ncha, wavu kwenye ganda. Akarudia kwa upande wa pili. Kwisha.

Tuliporudi Chanika tuliutenga ule waya mbali na wa umeme, tukaweka kaseti. Kimya... kisha bibi akakohoa, akaanza kuimba. Mjomba akageukia ukutani.

Waya hauongezi kitu kwenye sauti, kazi yake ni kutoipunguza tu. Kama nyumbani kwenu kuna kaseti ya mzee, ihamishe leo, utepe hausubiri.

Mbuzi yupo, anakula majani. Alamsiki!