Ziwa Takatifu Lililoweka Kumbukumbu ya Mlima

Ziwa Takatifu ni ziwa dogo lililo katika kasoko ya volkano, kwenye Mlima Kenya, magharibi mwa mji wa Meru. Liko mita zipatazo 2,350 juu ya usawa wa bahari. Kwa Wameru hapa ni mahali patakatifu, na jina lake lasema hivyo.

Utajiri wake mkubwa umelala chini ya maji. Kila msimu chavua ya maua na miti huanguka ziwani, ikazama na kufunikwa na tope. Kwa kuwa tope hilo limetulia tabaka juu ya tabaka, mtafiti akizamisha bomba na kulitoa, huisoma historia kutoka juu kwenda chini. Mwaka 1964 J. A. Coetzee wa Afrika Kusini alichapisha matokeo yaliyostaajabisha: wakati wa zama za barafu, msitu haukuwapo hapa. Palikuwa na nyasi na vichaka vya baridi, ambavyo leo humlazimu mtu kupanda takriban mita 1,000 zaidi ili avione. Baadaye Daniel Olago wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walisoma tope la kina zaidi, wakarudi nyuma takriban miaka 115,000. Uchunguzi wa mwaka 1997 uliongeza jambo lingine: si baridi pekee iliyoufukuza msitu. Hewa ya ukaa ilikuwa haba mno angani, na nyasi huvumilia uhaba huo zaidi kuliko miti.

Msitu uliorudi baada ya barafu kuyeyuka ndio uliokaribia kuangamia mbele ya macho ya watu. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya liliukagua mlima kutoka angani, likakuta maelfu ya miti aina ya mthaiti imekatwa na sehemu za Msitu wa Imenti zimefyekwa. Mwaka uliofuata msitu wa mlima ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Anayefika Ziwa Takatifu leo hupita chini ya miti hiyo, na ni busara aandamane na askari wa msitu, kwani ndovu na nyati hushuka kunywa maji. Mvua zikinyesha, maua ya porini huchanua kwenye vivuli vya kandokando, na chavua yake huanza safari ileile ya kwenda topeni.