Mpiga Picha na Chombo Kipya

Hili ni somo letu la historia ya vyombo vya kazi. Viongozi wa vikundi, hakikisheni kila mtu amekaa mahali anapoweza kusikia, na ubao na chaki viwe karibu, maana mwishoni yako maswali.

Juma lililopita tulizungumza habari za Washana, wahunzi wa Ugweno, ambao chuma chao kilisifika mpaka Uchaga. Leo tumo katika milima ile ile ya Upare, katika kata ya Msangeni, wilaya ya Mwanga, lakini chombo chetu ni cha namna nyingine. Hakina mpini, wala hakishikiki kwa mkono. Ni programu ya kompyuta, ile ambayo mpiga picha huitumia kurekebisha picha kabla ya kuzichapa.

Tuseme yuko mpiga picha mmoja hapo Msangeni. Kazi yake mnaijua: picha za arusi na kipaimara, za Idi na mahafali ya shule, picha ndogo za vitambulisho; na mwezi wa Desemba, watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Moshi, picha ya ukoo mzima mbele ya nyumba ya babu. Anayo kompyuta moja ya zamani na programu aliyoizoea kwa miaka mingi. Siku moja anaambiwa kwamba programu yake imepitwa na wakati, achukue toleo jipya. Je, achukue?

Vijana watajibu upesi: achukue. Wazee watasema: ya nini, nayo la zamani lafanya kazi? Majibu yote mawili ni ya haraka mno. Historia yatufundisha kuuliza kwanza swali jingine: nikibadili chombo, picha nilizokwisha kupiga zitakuwa katika hali gani? Tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua.

Sahani za kioo

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839. Katika miaka iliyofuata wapiga picha walitumia sahani za kioo zilizopakwa dawa inayoshika mwanga. Zilikuwa nzito na zilivunjika upesi, hata hivyo zilifika katika milima yetu. Wamisionari wa Kilutheri wa chama cha Leipzig waliweka kituo Shighatini, jirani ya Msangeni, mnamo mwaka 1900, na miongoni mwa wamisionari wa chama hicho walikuwamo waliopiga picha za Upare: milima, mashamba, shule na watu.

Leo picha nyingi za misheni hiyo zimenakiliwa na kuwekwa katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, na mtu mwenye simu ya intaneti aweza kuzitazama akiwa nyumbani kwake. Imewezekanaje, baada ya miaka zaidi ya mia? Sababu moja ni kwamba watu walizitunza. Sababu ya pili ni kwamba sahani ya kioo haimtegemei aliyeitengeneza. Uinue mbele ya dirisha, na jua litakuonyesha kilichomo.

Filamu na chumba cha giza

Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak, iliyotumia ukanda wa kuviringishwa badala ya sahani. Kazi ikawa nyepesi, na studio zikaongezeka. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na baadaye mwanawe Rohit akaiendeleza. Negativu zilizohifadhiwa humo zimekuwa kumbukumbu ya mji mzima, tangu siku za masultani mpaka baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964.

Wengine hudhani kwamba kurekebisha picha kulianza na kompyuta. Sivyo. Fundi wa studio alichonga penseli ikawa kali kama sindano, akagusa negativu mahali penye kovu au mkunjo wa uso, na mahali hapo pakatoka peupe zaidi katika picha. Kwa brashi nyembamba alifuta alama za vumbi. Huko Lamu, Omar Said Bakor alijulikana kwa kuunganisha picha, akimweka mtu mahali ambapo hakupata kusimama kamwe. Ufundi huo wote ulikuwa mkononi mwa fundi mwenyewe. Alihitaji dawa, karatasi, maji safi na chumba chenye giza, basi.

Picha za rangi

Picha za rangi zilipoenea, mpiga picha wa mlimani alipata kitu na kupoteza kitu. Alipata wateja, maana kila mtu alitaka kitenge chake kionekane kilivyo. Alichopoteza ni chumba chake cha giza. Dawa ya filamu za rangi za kawaida hutaka joto la nyuzi 38 hivi, lisilopanda wala kushuka, na mashine zake ni ghali. Kwa hiyo filamu ikatelemka mjini kusafishwa, na mpiga picha akawa mtu wa kungoja.

Hapa tujifunze jambo kubwa kutoka nchi za mbali. Filamu mashuhuri ya rangi iliyoitwa Kodachrome ilianza kuuzwa mwaka 1935. Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyoisafisha, katika jimbo la Kansas, Marekani, ikaacha kuipokea mwishoni mwa mwaka 2010. Aliyekuwa na picha zilizokwisha kusafishwa hakupoteza kitu. Zilibaki, na macho yaliziona kama jana. Lakini aliyekuwa na filamu isiyosafishwa ndani ya sanduku alibaki na rangi zisizoweza kutokea tena. Likumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Kompyuta yaingia

Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kaseti. Mwaka 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa Marekani, alianza kuandika programu ya kuonyesha picha katika kompyuta. Nduguye John akamsaidia. Programu hiyo ndiyo Photoshop, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1990. Mwaka 2007 kampuni hiyo ikatoa nyingine, Lightroom, ya kupanga na kurekebisha picha nyingi kwa pamoja. Kazi ya penseli na brashi sasa ikafanywa kwa kipanya. Mpiga picha akarudishiwa chumba chake cha giza, tena bila giza.

Kwa miaka mingi programu hizi ziliuzwa kama jembe linavyouzwa. Ulilipa mara moja, ukaitumia mpaka uchoke. Lilipotoka toleo jipya ulikuwa na hiari ya kulinunua au kuliacha. Mwaka 2013 Adobe walitangaza kwamba matoleo mapya ya Photoshop hayatauzwa tena kwa njia hiyo. Yatalipiwa kila mwezi au kila mwaka. Kwa wapiga picha ukawekwa mpango wa dola 9.99 kwa mwezi. Mwaka 2025 mpango huo mdogo ukafungwa kwa wateja wapya. Mpiga picha aliyekuwa mwenye nyumba amekuwa mpangaji. Na mpangaji hapangi kodi, hupangiwa.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Upangaji una faida zake. Mtu asiye na fedha nyingi aweza kuanza kazi kwa kiasi kidogo, na kila badiliko jipya humjia bila malipo mengine. Lakini yatupasa kujua mlango hufungwa vipi. Katika Lightroom ya kompyuta, anayeacha kulipa bado aweza kuziona picha zake na kuzitoa, ila sehemu ya kuzirekebisha hufungwa. Katika Photoshop, akiacha kulipa, programu haifunguki kabisa.

Kupima

Sasa turudi kwa mpiga picha wetu, tuweke faida upande mmoja na gharama upande wa pili.

Faida ya kwanza ni muda. Toleo jipya laweza kumtenga mtu na kilicho nyuma yake kwa kubofya mara moja, na kupunguza chengachenga za picha iliyopigwa ukumbini penye mwanga hafifu. Baada ya arusi yenye picha mia nane, hilo si jambo dogo. Faida ya pili ni kamera. Akinunua kamera mpya, huenda programu ya zamani isizisome faili zake ghafi, yaani zile ambazo kamera haijazigeuza kuwa picha kamili. Hata hivyo ipo njia: Adobe hutoa bure programu ya kugeuza faili ghafi ziwe za mtindo wa DNG, uliotangazwa mwaka 2004, ambao programu nyingi za zamani huusoma.

Upande wa pili, gharama ya kwanza ni mashine. Photoshop ya miaka hii hutaka kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwa uchache. Kompyuta ya gigabaiti 4 haitaiweza. Kwa hiyo anayedhani anachukua programu, kumbe anachukua kompyuta pia. Gharama ya pili ni bando, maana programu ya kupangwa lazima iwasiliane na wenyewe mara kwa mara kuthibitisha malipo. Ya tatu ni kutorudi nyuma: orodha ya picha ikishageuzwa na toleo jipya la Lightroom, toleo la zamani haliwezi kuifungua.

Gharama ya nne ni ya uaminifu. Tangu mwaka 2023 Photoshop imekuwa na uwezo wa kutunga sehemu ya picha isiyokuwapo. Familia yaweza kuleta picha ya pekee ya babu, imechanika shavuni, waombe irekebishwe. Programu itajaza shavu, lakini itatunga, haimjui babu. Wajukuu watauweka ukutani uso ambao nusu yake si wake, na watoto wao wataapa kwamba ndivyo alivyokuwa. Penseli ya zamani ilidanganya pia, ila ilidanganya kidogo na kwa mkono wa mtu aliyeweza kuulizwa. Fundi mwema huwaambia wenyewe ni wapi alipotunga, na hurudisha picha ya asili bila kuigusa.

Wengine hukwepa kodi kwa kutafuta programu zilizovunjwa kufuli. Huo ni wizi, tena ni hatari. Mara nyingi virusi hupita mlango huo huo, na picha za miaka mitano zaweza kupotea usiku mmoja. Ipo njia halali. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza programu iitwayo GIMP, ambayo haina bei wala kodi. Toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2025. Inataka uvumilivu wa kujifunza, na kwa faili ghafi yahitaji programu nyingine ya kuisaidia, lakini hakuna atakayeifunga.

Muhtasari

Ndugu wasikilizaji, mwaikumbuka ile filamu iliyobaki sandukuni? Faili ghafi ndiyo filamu isiyosafishwa ya siku hizi. Haionekani kwa jua; huonekana kwa programu. Kwa hiyo shauri letu lafuata utaratibu huu. Kwanza, kabla ya kubadili chochote, picha zote zilizokamilika zitolewe kwa mtindo wa kawaida kama JPEG, ambao karibu kila mashine huufungua. Pili, nakala ziwe mbili, katika diski mbili, ndani ya nyumba mbili. Tatu, toleo jipya lijaribiwe kwa picha ishirini, si kwa hazina nzima. Nne, ndipo hesabu ipigwe. Kama kazi yako ni picha za vitambulisho, la zamani linatosha. Kama ni arusi kila Jumamosi, jipya laweza kujilipia. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Picha za kijiji si mali ya mpiga picha peke yake. Arusi hairudiwi, na mzee aliyefariki hapigwi picha ya pili.

Maswali ya kikundi

1. Sahani ya kioo na faili ghafi zatofautiana nini katika kuhifadhi?
2. Ni nani katika kijiji chenu mwenye picha za zamani, na zimewekwa wapi?
3. Kununua chombo na kukipanga: kipi chafaa kazi yenu, na kwa nini?
4. Mkileta picha iliyochanika ya marehemu, mngetaka fundi afanye nini, na asifanye nini?

Kwa herini, mpaka juma lijalo.